Kuotesha miti ya matunda kwa vipandikizi vya matawi: mwongozo kamili wa kutumia homoni ya mizizi

Mkomamanga unaozaa matunda makubwa, matamu na yenye punje laini hauwezi kuendelezwa kwa mbegu kwa uhakika. Kila mbegu hubeba mchanganyiko mpya wa sifa, na mche unaotokana nayo unaweza kuzaa matunda makali au yenye kokwa ngumu, jambo ambalo mkulima hulijua baada ya kuuhudumia kwa miaka kadhaa. Kipandikizi cha tawi hakina shaka hiyo. Mche unaotoka kwenye tawi ni mti ule ule uliokatwa, wenye ladha ile ile, msimu ule ule na udhaifu ule ule, na kwa kuwa tawi limetoka kwenye mti uliokwisha kukomaa, mche huo huzaa mapema kuliko wa mbegu. Ndivyo ilivyo pia kwa mzabibu, mtini, mlimau, mpera na pasheni.

Kikwazo ni mizizi, kwa maana tawi lililokatwa lina muda mfupi wa kuitoa kabla maji na akiba yake ya chakula havijaisha, na hapo ndipo homoni ya mizizi inapofaa. Mwongozo huu unaeleza kazi yote kuanzia tawi likiwa mtini hadi mche unapoingia shambani, ukiuchukua mkomamanga kama mfano mkuu na kutaja miti mingine pale inapohitaji kushughulikiwa tofauti. Jambo moja litangulie: kuchovya kijiti kwenye homoni huchukua sekunde tano, lakini yanayofanywa kabla na baada ya sekunde hizo ndiyo yanayoamua. Mtu aliyenunua homoni bora kisha akachomeka tawi lililonyauka kwenye udongo unaotuamisha maji amepoteza fedha zake.

Homoni hufanya nini ndani ya tawi

Mmea hujitengenezea homoni za jamii ya auksini, hasa kwenye vichipukizi na majani machanga, na homoni hizo hushuka kuelekea chini ya shina. Tawi likikatwa, auksini inayoshuka hukusanyika karibu na jeraha, na baadhi ya seli zilizo jirani na mishipa ya kupitishia chakula huanza kugawanyika upya na kuunda vichwa vya mizizi. Kwa kuwa mwendo huo una upande wa juu na wa chini usiobadilika, kipandikizi kilichochomekwa kichwa chini hakifanikiwi, hata kikitiwa homoni kiasi gani.

Auksini ilithibitishwa na Frits Went wa Utrecht, Uholanzi, ambaye alitangaza matokeo yake mwaka 1928. Mwaka 1935 Zimmerman na Wilcoxon wa Boyce Thompson Institute, New York, walionyesha kwamba kemikali za kutengenezwa, zikiwemo zinazojulikana kwa vifupisho vya IBA na NAA, huotesha mizizi kwa ufanisi mkubwa, na hadi leo hizo ndizo zinazouzwa madukani. IBA ndiyo ninayoipendekeza kwa miti ya matunda. Haivunjiki haraka kama auksini ya asili, hubaki karibu na pale ilipotiwa, na huvumilia makosa madogo ya kipimo. NAA nayo hufanya kazi, lakini ni rahisi zaidi kuunguza kitako cha kipandikizi kipimo chake kikizidi.

Hatari ya kuzidisha kipimo si ya kubuni. Dawa ya kuua magugu iitwayo 2,4-D ni ya jamii hii hii ya auksini, na inaua kwa kuupa mmea amri ya kukua isiyoweza kutekelezeka. Kipandikizi kilichozidishiwa homoni hugeuka cheusi kuanzia chini, macho yake hukataa kuchipua, na mara nyingi mkulima huihukumu homoni kuwa ni mbovu ilhali ilikuwa nyingi mno.

Miti inayokubali na isiyokubali

Mtini, mforosadi na mzabibu hutoa mizizi hata bila homoni. Homoni huongeza tu idadi ya mizizi na kuifanya miche ikue kwa kulingana. Mkomamanga, mlimau, mndimu na pasheni huota kwa wastani bila homoni na vizuri zaidi ikiipata. Mpera ni mgumu: tawi lake gumu halikubali kwa urahisi, na mwenye kuutaka hana budi kutumia vichipukizi laini vyenye majani, kipimo cha juu kidogo cha homoni na unyevu mwingi hewani.

Mwembe na mparachichi usijisumbue nao. Vipandikizi vyake huota kwa nadra sana, na njia ya kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha mti bora juu ya shina la mche mwingine, inatoa mche bora kwa gharama ndogo. Mchungwa nao hubebeshwa kwa sababu nyingine. Katika maeneo ya michungwa kama Muheza, shina la chini huwa ni la limau kali linalovumilia ukame na baadhi ya matatizo ya udongo, ambapo mchungwa ulioota kwa mizizi yake wenyewe hukosa ulinzi huo. Mshelisheli wa pwani, ambao kwa kawaida hauna mbegu, huendelezwa kwa machipukizi na vipande vya mizizi yake, kwa hiyo nao uko nje ya mwongozo huu.

Kununua homoni iliyo sahihi

Katika maduka ya pembejeo homoni ya mizizi hupatikana kama unga, kama maji yaliyokwisha kuchanganywa, au kama dawa halisi ya IBA ya kujichanganyia. Soma kibandiko hadi uone jina la kiini na asilimia yake. Maneno kama "homoni ya mimea" au "kichocheo cha ukuaji" hayatoshi, kwa sababu chini ya maneno hayo huuzwa pia jibereli, homoni ya kurefusha mashina na kukuza matunda, ambayo huzuia mizizi kutoka kwenye vipandikizi. Mbolea za maji zenye picha ya mizizi kwenye chupa ni mbolea tu, na kipandikizi kisicho na mizizi hakina cha kufanya nazo.

Unga huuzwa kwa nguvu tatu zinazokutwa mara nyingi: asilimia 0.1 kwa vichipukizi laini, asilimia 0.3 kwa matawi yaliyoanza kukomaa, na asilimia 0.8 kwa matawi magumu. Kopo lililokaa juani dirishani, au lililopitisha tarehe yake, liache dukani.

Wengi huuliza kuhusu vitu vya nyumbani. Asali husaidia kidogo kuzuia vimelea kwenye jeraha, lakini si homoni. Utomvu wa mshubiri umetumiwa na watu wengi na hauna madhara makubwa, isipokuwa nguvu yake haipimiki na hubadilika kutoka jani hadi jani. Maji ya dafu yana homoni za jamii ya saitokinini kwa wingi, nazo huchochea machipukizi zaidi kuliko mizizi, kwa hiyo kuloweka kijiti kwenye dafu kunaweza kukupa majani mapema na mizizi kwa kuchelewa. Kwa mtini au mzabibu, ambao ungeota hata kwa maji matupu, vitu hivi vitaonekana kufanya kazi. Kwa mpera havitoshi.

Kupima na kuchanganya

Sehemu hii ndiyo inayoharibiwa zaidi, kwa hiyo tuiendee polepole. Nguvu ya homoni huandikwa kwa ppm, yaani sehemu kwa milioni. Gramu 1 ya IBA katika lita 1 ni ppm 1,000, na unga wa asilimia 0.1 nao ni ppm 1,000. Hata hivyo, maji huingia kwenye tawi vizuri zaidi kuliko unga, hivyo ppm 2,000 ya maji hufanya kazi kwa nguvu kuliko unga wa kiasi hicho hicho.

Kwa kuchovya kwa sekunde tano, vipimo vinavyofaa kuanzia ni hivi: pasheni na vichipukizi laini vingine, ppm 500 hadi 1,000; mzabibu, ppm 1,000 hadi 2,000; mlimau na mndimu wenye majani, ppm 1,000 hadi 3,000; mkomamanga, ppm 2,000 hadi 3,000; mpera, ppm 2,000 hadi 4,000. Hivi ni vya kuanzia tu, kwani aina ya mti, umri wa tawi na hali ya hewa hubadilisha mambo. Kabla ya kukata vipandikizi mia tano, gawa vichache katika mafungu manne: fungu moja lichovywe kwenye maji matupu na mengine kwenye nguvu tatu tofauti. Fungu la maji matupu lisiachwe kamwe, maana bila hilo hutajua kama homoni imekusaidia au kama mti wako ungeota wenyewe.

IBA halisi haiyeyuki vizuri kwenye maji. Ukiimimina majini moja kwa moja utaona chembe nyeupe zikielea juu, na kipandikizi utakachochovya humo kitapata maji zaidi kuliko homoni. Huyeyushwa kwanza kwenye spiriti safi yenye alkoholi ya asilimia 95, si ile ya kuwashia taa iliyotiwa rangi. Ipo pia IBA iliyoundwa kama chumvi ya potasiamu, ambayo huyeyuka kwenye maji. Kwa vichipukizi laini hiyo ni bora, kwa kuwa spiriti huweza kuviunguza.

Mizani ya jikoni haiwezi kupima sehemu ya kumi ya gramu. Mizani ya sonara inaweza, na kama huna, mwombe sonara au mfamasia akupimie gramu 1 kamili kwenye karatasi iliyokunjwa. Yeyusha gramu hiyo kwenye spiriti na uongeze spiriti hadi ifike mililita 250, ukitikisa hadi isionekane chembe yoyote. Hapo una maji mama ya ppm 4,000. Siku ya kazi, chukua sehemu moja ya maji mama, ongeza polepole sehemu moja ya maji safi huku ukikoroga, utapata ppm 2,000 kwa mkomamanga. Kwa ppm 1,000, changanya sehemu moja ya maji mama, sehemu moja ya spiriti na sehemu mbili za maji. Spiriti hiyo ya ziada huizuia homoni isiganduke tena. Chembe nyeupe zikirudi, ongeza spiriti kidogo na ukoroge.

Anayependelea unga anaweza kujitengenezea. Yeyusha gramu 0.3 ya IBA kwenye spiriti kidogo, mimina juu ya gramu 100 za podari isiyo na manukato, ongeza spiriti hadi iwe kama uji mzito, koroga sana, tandaza kivulini hadi spiriti yote iruke, kisha twanga na uchekeche. Huo ni unga wa asilimia 0.3.

Maji mama yawekwe kwenye chupa ya rangi ya kahawia iliyofungwa vizuri, mahali pa baridi na giza, ikiwa na kibandiko chenye jina, nguvu na tarehe. Yasikae kwenye friji ya chakula pasipo kuwekwa ndani ya chombo kingine kilichofungwa, na watoto wasiyafikie. Vaa glovu, funika pua unapotwanga unga, na usichanganye spiriti karibu na jiko linalowaka. Kijiko kilichotumika kwenye homoni kisirudi jikoni.

Kuchagua mti na tawi

Mti mama uwe ule ambao umeuona ukizaa, si ule ulioambiwa unazaa. Uwe na afya, kwa sababu kipandikizi hurithi pia magonjwa. Pasheni yenye matunda magumu na majani yenye mabaka hubeba virusi ambavyo hakuna dawa ya kuviondoa kwenye mche. Mlimau ambao majani yake yana mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili za jani, na matunda yake yamebaki madogo na kupinda, huenda una ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na wadudu wadogo wafyonzaji na pia kwa vikonyo. Mti huo usichukuliwe hata kijiti kimoja.

Siku chache kabla ya kukata, mwagilia mti mama vya kutosha, lakini usiupe mbolea nyingi ya naitrojeni, kwani tawi linalokua kwa kasi lina majani mengi na akiba ndogo ya wanga. Epuka matawi yenye maua au matunda. Matawi ya sehemu ya chini ya mti, na yale yanayochipuka baada ya mti kupogolewa sana, hutoa mizizi kwa urahisi kuliko ya kileleni. Kwa mti mzee mgumu, kama mpera wa miaka mingi, inafaa kukata tawi kubwa miezi michache mapema ili kupata machipukizi mapya yenye nguvu.

Kwa mkomamanga tunatafuta tawi la msimu uliopita, lililokwisha kugeuka kutoka kijani kuwa kijivu au kahawia, lenye unene wa penseli. Likipindwa hujikunja kwa ukaidi, na likizidishwa huvunjika kwa mlio. Mzabibu nao hukatwa kwenye hali hiyo, na kwa wakulima wa Dodoma wakati wa kupogoa baada ya mavuno huwapa vipandikizi vingi ambavyo vinginevyo vingetupwa. Kituo cha utafiti cha TARI Makutupora kipo mkoani humo humo kwa anayetaka kuhakikisha aina yake. Mlimau na pasheni huchukuliwa zikiwa hazijakomaa kabisa: tawi bado ni la kijani, lakini halilegei kama mlenda likishikwa. Mpera huchukuliwa ukiwa laini zaidi ya hapo.

Kata asubuhi na mapema, jua halijapanda, wakati tawi limejaa maji. Fungia matawi kwenye gunia lililoloweshwa au gazeti bichi ndani ya mfuko wa nailoni, uyaweke kivulini, na uyapande siku hiyo hiyo. Tawi gumu lisilo na majani huvumilia kukaa siku kadhaa likiwa limefungwa hivyo. Tawi lenye majani halivumilii.

Kuandaa kipandikizi

Mkasi wa kupogolea uwe mkali. Mkasi butu huponda ganda, na ganda lililopondwa huoza. Futa makali kwa spiriti kila unapohama kutoka mti mmoja hadi mwingine.

Kwa mkomamanga, kata kipande cha sentimita 15 hadi 20 chenye macho manne au matano. Mkato wa chini uwe mnyoofu na upite chini kidogo ya kifundo, yaani pale jani linapotokea, ambapo mizizi hutoka kwa wingi. Mkato wa juu uwe wa mshazari, sentimita moja au mbili juu ya jicho, ukiinama kuelekea upande usio na jicho ili maji yasitulie juu yake. Tofauti ya mikato hii miwili itakusaidia pia kujua upande wa chini vijiti vinapochanganyika kwenye beseni. Ondoa majani na miiba yote ya sehemu itakayozama. Kwa mlimau, pasheni na mpera acha majani mawili ya juu, na kama ni makubwa yakate nusu: jani hutengeneza chakula na auksini, lakini pia hupoteza maji, na nusu ya jani ni mapatano mazuri kati ya mambo hayo mawili. Vichipukizi vya mtini hutoa maziwa. Vioshe na uviache hadi maziwa yakatike.

Kwa tawi gumu, kwaruza ganda la nje kwa upande mmoja wa sehemu ya chini, urefu wa sentimita mbili, hadi uone kijani kinachong'aa kwa unyevu, bila kufikia mti mweupe wa ndani. Hatua hii inarukwa na wengi na haistahili kurukwa. Jeraha hilo huipa homoni njia pana ya kuingia na huipa mizizi mahali pa kupenya.

Mahali pa kuchomeka

Kipandikizi hakihitaji rutuba wakati huu. Kinahitaji hewa na unyevu kwa pamoja. Mchanga mnene wa mtoni uliooshwa hadi maji yatoke safi unatosha, na ukichanganywa nusu kwa nusu na vumbi la makumbi ya nazi huwa bora zaidi. Wanaoishi pwani wawe waangalifu mara mbili. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na makumbi yaliyofukiwa au kulowekwa kwenye maji ya bahari kwa ajili ya kusokota kamba yana chumvi pia. Vumbi lake lioshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa hadi ukionja tone usisikie chumvi. Pumba za mpunga zilizochomwa hadi kuwa nyeusi, bila kufikia majivu, nazo hufaa badala ya makumbi. Samadi na mboji zisiingie kabisa katika hatua hii, kwa kuwa huleta kuvu kwenye jeraha bichi.

Mimina maji yanayochemka juu ya mchanganyiko na uuache upoe, au uufunike kwa nailoni angavu juani kwa wiki kadhaa. Kisha ukamue kiganjani: ukishikana bila kudondosha maji, uko tayari.

Kuchovya na kuchomeka

Mimina homoni utakayotumia kwenye kikombe kidogo. Usichovye kwenye chupa, kwa maana uchafu na utomvu wa vijiti huharibu kilichobaki. Panga vijiti kumi hivi vikiwa vimelingana chini, vizamishe sentimita moja hadi mbili kwa sekunde tano, vitoe, na uviache hewani dakika chache hadi spiriti iruke. Vikikaa humo kwa sababu umeitwa nje, usitarajie makuu.

Kwa unga, lowesha ncha ya chini, kung'uta maji, gusisha kwenye unga, kisha gonga kijiti kidogo ili unga uliozidi udondoke. Tabaka jembamba linatosha.

Toboa shimo kwanza kwa kijiti kinene kuliko kipandikizi, ili homoni isikwanguliwe wakati wa kuingiza. Zamisha vifundo viwili, yaani karibu nusu ya urefu kwa tawi gumu na theluthi moja kwa tawi laini, kisha bana mchanga kwa vidole pande zote. Acha nafasi ya sentimita 5 kati ya kijiti na kijiti, mwagilia mara moja kwa maji ya kunyunyiza, na uweke kibandiko chenye aina, tarehe na kipimo. Homoni iliyobaki kikombeni imwagwe jioni hiyo mahali pasipo na mimea wala maji.

Banda la unyevu

Tawi lisilo na majani linaweza kuota kwenye kitalu chenye kivuli cha makuti na kumwagiliwa kila linapokaribia kukauka. Tawi lenye majani haliwezi. Linapoteza maji kila saa na halina mizizi ya kuyarudisha, kwa hiyo hewa inayolizunguka lazima iwe na unyevu karibu wa kushiba.

Mashine za kunyunyizia ukungu zipo, lakini zinahitaji umeme na bomba lisilokatika. Lipo banda rahisi lisilohitaji vyote viwili, ambalo limetumika sana katika kazi za kilimo mseto cha miti, zikiwemo za kituo cha utafiti cha ICRAF chenye makao yake Nairobi. Jenga kisanduku cha mbao cha mita 1 kwa mita 2, ukitandike nailoni isiyovuja chini na pembeni. Mwaga mchanga kidogo ili nailoni isitobolewe, kisha mawe makubwa, kisha mawe madogo, kisha kokoto, hadi kimo cha sentimita 20. Juu yake weka mchanganyiko wa kuoteshea, sentimita 8 hadi 10. Simamisha kipande cha bomba au mwanzi uliotobolewa pembeni, upitie hadi chini, umimine maji humo mpaka yafikie usawa wa kokoto lakini yasiguse mchanganyiko. Funika kwa fremu ya mbao na nailoni angavu, iliyoinama upande mmoja ili matone yatiririke pembeni badala ya kudondokea vipandikizi. Maji hupanda kidogo kidogo kupitia mawe, na hewa ndani hubaki nzito kwa unyevu.

Banda hilo likae kwenye kivuli cha kutosha, kwa maana nailoni kwenye jua kali huvigeuza vipandikizi kuwa mboga iliyopikwa. Joto la nyuzi 24 hadi 30 ndani ya mchanganyiko ndilo zuri. Lifunguliwe asubuhi au jioni tu, kwa muda mfupi, na kila linapofunguliwa majani yanyunyiziwe maji. Mwenye vipandikizi vichache anaweza kutumia dumu angavu la maji ya kunywa lililokatwa, au mfuko wa nailoni juu ya vijiti vilivyopindwa kama matao.

Wiki za kusubiri

Mzabibu utakudanganya. Macho yake huchipua katika wiki ya pili au ya tatu, majani mazuri ya kijani yakafunguka, na chini hakuna mzizi hata mmoja. Kijiti kinatumia akiba yake. Atakayekihamisha wakati huo atakiua. Pasheni hutoa mizizi baada ya wiki tatu hadi tano, mzabibu na mtini wiki nne hadi nane, mkomamanga wiki sita hadi kumi, na mpera huweza kuhitaji zaidi ya wiki nane.

Usivute vijiti kila siku. Baada ya muda unaofaa, shika kimoja kwa vidole viwili na ukivute kidogo sana: kikikataa, mizizi ipo. Ukikichomoa kimoja kwa uchunguzi utaona kwanza nundu nyeupe kwenye mkato. Hilo ni kovu, bado si mzizi. Nundu ikiendelea kuvimba kwa wiki nyingi bila mizizi, mara nyingi homoni ilikuwa hafifu au mchanganyiko ni wa baridi mno. Kitako cheusi na laini chenye harufu ni dalili ya maji mengi. Kitako cheusi lakini kikavu, kilichoishia pale pale kipimo cha kuchovya kilipofika, ni dalili ya homoni kali. Majani yakianguka yangali mabichi katika wiki ya kwanza, hewa ilikuwa kavu au tawi lilichelewa kupandwa. Kila jani lililoanguka na kila kijiti kilichooza kiondolewe siku hiyo hiyo, kabla kuvu haijahamia kwa jirani.

Kuzoesha na kuhamisha

Mizizi ikifikia urefu wa sentimita 3 hadi 5, na ikiwa imeanza kutoa matawi, hamishia miche kwenye viriba vyenye sehemu tatu za udongo wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri na sehemu moja ya mchanga. Mizizi hii ya kwanza ni dhaifu mno, kwa hiyo chimbua kwa kijiko badala ya kuvuta. Rudisha viriba ndani ya banda kwa siku chache, kisha uinue kifuniko kidogo kidogo, kila siku zaidi ya jana, kwa wiki mbili, na baada ya hapo punguza kivuli kwa mwendo huo huo. Anayekusudia kuuza miche awasiliane mapema na mamlaka ya mbegu ya nchi yake, TOSCI kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya, kuhusu ukaguzi wa kitalu.

Panda shambani mvua zinapoanza, masika au vuli, mche ukiwa na urefu wa sentimita 30 hadi 40. Mche wa kipandikizi hauna mzizi mkuu unaozama moja kwa moja kama wa mbegu, hivyo upewe vijiti vya kuushikilia dhidi ya upepo na matandazo ya nyasi mwaka wote wa kwanza.

Pasheni ya njano ina sharti la ziada. Ua lake kwa kawaida halikubali chavua ya mmea ule ule, na vipandikizi vyote vya mmea mmoja ni mmea ule ule. Shamba zima lililotokana na mmea mmoja litachanua sana na kuzaa kidogo, kwa hiyo chukua vipandikizi kutoka kwa mimea mama kadhaa isiyo ya asili moja, uichanganye katika mstari mmoja, na usiwafukuze wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, maana ndio wachavushaji wake wakuu.

Kwa mkomamanga, acha mita 4 kati ya mche na mche, chagua mashina matatu yenye nguvu na ukate machipukizi mengine yanayotoka chini. Maua ya mwaka wa kwanza yaondolewe yote, na ya mwaka wa pili yaachwe machache kwenye matawi yaliyonenepa.